Nilivyomfisha Mzee Njagi kwa Neno Moja

Nilimfisha mtu Jumanne moja kabla ya chai ya saa nne, naye alikuwa ameketi mbele yangu, kofia kwenye goti, akiniangalia. Nawahadithia nyinyi vijana wa saiba, vile vibanda vya kompyuta vya Nyeri, mnaowajazia wazee fomu na kuwasomea barua za serikali, kwa sababu hiyo kazi yenu ndiyo niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Tofauti ni kwamba nyinyi mna simu ya kuwasaidia. Mimi nilikuwa na Mzee Josphat.

Ofisi yetu ilikuwa hapa Nyeri, ghorofani, juu ya duka la mbegu na mbolea, na kila karatasi iliyotoka pale ilinuka mbolea kidogo. Wakili wetu alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Kikuyu chake kiliishia kwenye salamu, kwa hivyo ofisi ilikwenda kwa Kiswahili, na kazi zangu zilikuwa mbili: kupiga taipu mikataba kwa Kiingereza, kisha kumsomea mteja kwa lugha anayoisikia kabla hajatia sahihi au kuweka kidole. Mzee Josphat ndiye aliyekuwa karani mkuu. Alivaa koti moja la kahawia Januari hadi Desemba, na ndiye aliyenifundisha.

Alinifundisha mambo ambayo hayaandikwi popote. Kwamba usimsomee mtu ukiwa ng'ambo ya meza, utafanana na askari. Zunguka, uketi upande wake. Kwamba upitishe kidole chini ya mstari unaosoma hata kama mteja hajui herufi moja, ili aone huruki kitu. Kwamba mteja akianza kuitikia "ndiyo, ndiyo" haraka haraka, ujue ameacha kusikia tangu mstari wa tatu. Mpe chai kwanza. Yote hayo niliyashika. Jambo moja tu lilinishinda, nalo ni kuuliza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri za Kiingereza, na niliona aibu kumuuliza mzee wa koti maana ya neno la Kiingereza.

Neno lenyewe lilikuwa "demise". Mikataba yote ya kukodisha shamba ilikuwa nalo, kwenye ule mstari ambapo mwenye shamba anatenda jambo lenyewe: "the Lessor hereby demises". Nilikuwa nimelipiga taipu kwa miaka miwili. Nilikuwa nikilijua kutoka kwenye matangazo ya vifo redioni na barua za chifu, ambako fulani bin fulani "demised" siku fulani na familia inaomba ruhusa ya mkusanyiko. Basi nikajitungia maelezo yangu. Nilijiambia kwamba mawakili ni watu wa kuangalia mbali, wanaanza na kifo cha mwenye shamba ili warithi wajue pa kusimama. Wateja wengi siku hizo walikuwa wafanyabiashara wa mjini waliojisomea wenyewe, na maelezo yangu hayakuwahi kupimwa.

Halafu akaja Mzee Njagi.

Alikuwa na shamba juu ya Kianyaga, majani chai kule juu karibu na msitu na kahawa kidogo chini. Jirani yake alikuwa mjane, Mama Wawira, mwenye mabinti wawili. Mvua za masika mwaka huo zilikuwa kubwa, na asubuhi moja kilima kikateremka na nyumba ya Mama Wawira, jikoni, mbuzi na sehemu yote ya kulima. Yeye na mabinti walikuwa kanisani, wakapona. Walikuwa wakilala katika stoo ya kanisa, kati ya viti vya plastiki, na Mzee Njagi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa hilo, hakuweza kuvumilia. Akamwambia achukue nusu ekari kando ya kijito ajenge, alime, akae miaka thelathini. Lakini alitaka karatasi, kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza, Munene. Wakili akamweleza kwamba kukodisha kunataka malipo, hata madogo, wakaafikiana gunia moja la nduma, yaani magimbi, kila mwaka.

Siku ya kutia sahihi walikuja watatu: Mzee Njagi, Munene, na Mama Wawira aliyekuja na nduma za kwanza ndani ya kiondo. Munene alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, hakukaa. Nikazunguka meza nikaketi upande wa mzee. Simu ikalia chumba cha pili, Wakili akaenda kuishika, akaniambia niendelee. Mzee Njagi akasema nisome kwa Kiswahili, alikijua vizuri tangu alipofanya kazi ya barabara.

Nikaweka kidole chini ya mstari nikasoma kwa sauti ya kupendeza: "Mwenye shamba, Njagi, kwa karatasi hii anafariki, na nusu ekari inamwendea Mama Wawira."

Mzee akageuza kichwa polepole. "Nani anafariki?"

"Ni wewe, mzee," nikasema. "Imeandikwa hapa."

Aliangalia kidole changu. Aliangalia karatasi. Munene akauliza imeandikwa siku gani, na mimi, Mungu anisamehe, nikatafuta tarehe nikaisoma. Ilikuwa ya siku ile ile. Munene akamshika baba yake mkono akamwinua, na wakashuka ngazi bila kuaga mtu.

Wakili aliporudi nikamweleza. Alicheka hadi akavua miwani. Mzee Josphat hakucheka, alikuwa akimwangalia Mama Wawira, ambaye alibaki kwenye kiti chake ameshika kiondo kwa mikono yote miwili. Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa watasema nimemwandikia mzee kifo." Wakili akavaa miwani tena.

Na ndivyo walivyosema. Wiki iliyofuata Mama Wawira alirudi Nyeri peke yake kutuambia. Munene alikuwa ameeleza habari hiyo pale watu wanapopimia majani chai, na kufikia jioni ilikuwa imefika kila nyumba: mjane amempeleka mzee kwa wakili wa mji, wameandika siku yake ya kufa ili achukue shamba. Nguzo alizokuwa ameanza kuchimbia zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa kando ya barabara. Kanisani, benchi alilokaa lilibaki lake peke yake. Wazee walikuwa wamemwambia kwa upole kwamba stoo ya kanisa ina kazi nyingine. Na Mzee Njagi mwenyewe alikuwa hajatoka nyumbani tangu Jumanne ile. Alikuwa ameacha kula.

Wakili akasema ataandika barua ya kufafanua. Mzee Josphat, ambaye kwa kawaida hakumpinga Wakili, akauliza barua hiyo itasomwa na nani kule, kama si Munene. Kisha akanigeukia.

"Nenda wewe," akasema. "Na kabla hujaenda, jua hilo neno limetoka wapi. Huwezi kwenda kumwambia mtu ati ulikosea, halafu akikuuliza kosa ni gani unyamaze."

Ofisini kulikuwa na kamusi ya sheria kubwa kama tofali, ambayo nilikuwa nikiitumia kubana mlango upepo ukivuma. Kwa siku mbili sikula chakula cha mchana. Nilisoma hiyo, nikasoma nyingine ya maktaba, nikaandika kwenye daftari kwa Kiswahili, kwa sababu Mzee Josphat alikuwa amenionya: nikishindwa kulisema kwa Kiswahili, basi bado sijalielewa. Hilo jaribuni na nyinyi. Simu itakupa neno moja upesi sana, na neno hilo linaweza kuwa la kweli na bado likawa silo.

Jumamosi nikapanda hadi Kianyaga kupitia Karatina, nikaenda kwa miguu hadi kwa Mzee Njagi, matope hadi kwenye vifundo. Mke wake alinipa chai bila kunisalimia sana. Mzee alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, sweta na kofia juu.

"Mimi ni Mkristo," akaniambia kabla sijakaa. "Siogopi karatasi."

Nikamwambia najua. Akasema ni kifua tu kinamsumbua. Lakini mke wake alikuwa amenieleza mlangoni kwamba mzee ameshagawa mbuzi, na ameita fundi wa nguo ampime suti.

Nikavuta kiti upande wake wa kitanda. Munene alikuja akasimama mlangoni. Nikaanza kwa kusema kwamba karatasi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa mdomoni mwangu, na kwamba sikujua maana ya neno na niliona aibu kuuliza. Mzee akafumbua jicho moja. Nadhani hakuwa amewahi kusikia mtu wa ofisi akisema hivyo.

Nikamhadithia. Kwamba neno lile Waingereza hawakuzaliwa nalo. Walilitoa kwa Wafaransa waliowatawala zamani, na kwa Wafaransa maana yake ilikuwa kuondoa kitu mkononi mwako, kukiweka kando, kukiachilia. Mawakili wakalipenda, wakalifunga kwenye mambo ya ardhi. Mtu akimwachia mwingine shamba kwa miaka kadhaa, au akiliacha kwa wosia, neno lake lilikuwa hilo. Hapakuwa na maiti ndani yake.

"Sasa kifo kiliingia wapi?" akauliza. Alikuwa amefumbua macho yote mawili.

Nikamwambia kiliingilia kwa wafalme. Waingereza wanasema kiti cha mfalme hakikai hata dakika moja bila mwenyewe. Kwa hivyo mfalme akifa, mawakili hawakuandika kwamba amekufa, waliandika kwamba ufalme umeachiwa anayefuata. Watu wa kawaida wakawa wanasikia neno hilo kila mfalme anapozikwa, wakadhani ndiyo heshima ya kusema kufa. Wakalichukua. Likashuka kutoka kwa wafalme hadi kwa matajiri, kutoka kwa matajiri hadi kwa maaskofu, likapanda meli likaja huku, na leo chifu analiandikia mtu yeyote wa kijiji. Lakini mawakili hawakubadilika. Kwao bado ni kuachilia shamba tu.

Mzee Njagi akatafuna mdomo. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa katika kamusi zangu mbili.

"Hata sisi ni hivyo. Mimi nikitoka asubuhi ninaaga mama watoto. Ninamwambia, naenda, tutaonana jioni. Hapo nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Na redio ikisema Njagi ameaga?"

"Hapo umekufa."

"Na neno ni moja." Akaketi. Blanketi likaanguka. "Na mtu akisema, ametuacha. Anaweza kuwa ameenda Embu, anaweza kuwa ameenda kaburini. Ni vile tunaona uso ya mwenye kusema ndiyo tunajua." Akamwita mke wake alete chakula.

Mimi nilikuwa nimesoma siku mbili, na mzee alinimalizia somo akiwa na kofia ya kulalia. Nimetumia mfano wake wa kuaga tangu siku hiyo, na sijawahi kupata ulio bora zaidi.

Lakini kulikuwa na Munene. Aliingia chumbani na kamusi yake ndogo ya shule, ukurasa ameushika kwa kidole. Akasema yeye pia anajua Kiingereza, na hapa pameandikwa kifo. Nikaiangalia nikamwambia kamusi yake ni ya kweli, ni fupi tu. Akasema mawakili wanaweza kugeuza neno lolote. Alisema hayo akimtazama baba yake, si mimi, na nikaona kwamba hatuzungumzi tena juu ya Kiingereza.

Baba yake pia aliona. Akamuuliza kinachomchoma ni nini hasa.

Munene akasema ile nusu ekari ya kijito ndiyo aliyokuwa ameiwekea macho ajenge, aoe. Akasema angeitoa kama angeulizwa. "Lakini ulienda kwa wakili kwanza. Ni kama mimi ni mwizi, unanifungia mlango na karatasi."

Mke wa mzee alikuwa amesimama na sahani ya mukimo mkononi, hakuiweka chini.

"Ni kweli," Mzee Njagi akasema. "Nilikuogopa. Nilisema, siku mimi sitakuwa, Munene atamtoa huyu mama. Na nguzo zake ni nani ameng'oa?"

Munene alitazama kamusi yake kana kwamba jibu lilikuwa ndani. Kisha akatoka, na tukasikia viatu vyake vikiteremka kwenye matope. Nilibaki pale nikila mukimo wa watu huku nikijiona nimeharibu mara ya pili. Mzee alikula sahani mbili.

Nilipokuwa nikishuka kwenda barabarani nilimwona Munene. Alikuwa amebeba nguzo mbili begani, anazirudisha kijitoni. Hakunisalimia, na mimi nilikuwa na akili ya kutomsemesha.

Jumanne iliyofuata walikuja Nyeri wote watatu tena. Nilikuwa nimemsihi Wakili tubadilishe neno. Alikataa kwanza, akasema neno hilo limelinda wenye mashamba kwa mamia ya miaka na haliwezi kuondolewa kwa sababu msichana wa ofisi hakulijua. Mzee Josphat akamuuliza kama kuna sheria inayokataza kuandika "leases" badala yake. Wakili akatafuta kwa nusu saa, hakuiona. Nikapiga taipu upya, nakala tatu kwa kaboni.

Mzee Njagi aliniuliza neno jipya ni gani. Nikamwambia.

"Na hilo halina mambo yake ya zamani?"

Nilikuwa nimeshaliangalia, sikutaka kushikwa mara mbili. Nikamwambia nalo pia limetoka kwa Wafaransa, na pia maana yake ni kuachilia, ila hili bado halijazika mtu. Akacheka hadi akakohoa. Akatia sahihi yake ya taratibu, herufi moja moja. Kisha akasema anataka Munene awe shahidi. Munene akachukua kalamu, akauliza atie wapi, akatia. Mama Wawira akaweka kidole, akajifuta wino kwa leso yake, na wakaenda zao pamoja kutafuta chakula karibu na soko.

Tangu siku hiyo nilibadili njia yangu ya kufanya kazi, na hili ndilo ninalotaka mlichukue. Niliacha kumuuliza mteja kama ameelewa. Nilimwomba anisomee yeye, kwa maneno yake, karatasi inasema nini. Siku moja Wakili alitupeleka Doldol, ambako wenye ng'ombe walikuwa wakikodisha malisho, na nilikuwa nikitafsiri kwa Kiswahili, kijana mwingine akitafsiri kwa Kimaasai, maneno yakipita mikono miwili kama ndoo ya maji. Nilipomaliza nikamwomba mzee wao anirudishie. Akasema, "Nyasi nimempa huyu. Mchanga ni yangu. Mvua ikikataa, hakuna mtu atanidai mvua." Karatasi yetu haikuwa na neno lolote juu ya mvua. Wakili akaongeza mstari hapo hapo, juu ya boneti ya gari.

Taipureta iliondoka, kompyuta ikaja, kaboni ikaisha madukani. Mzee Josphat alistaafu, na aliyechukua kiti chake ni mimi, bila koti. Sasa nyinyi mnamwelekezea mtu simu kwenye karatasi na maandishi yanageuka Kiswahili hapo hapo. Ni jambo zuri, natamani ningekuwa nayo. Ila bado kaeni upande wake.

Mzee Njagi aliishi miaka mingi baada ya mimi kumfisha, akavaa ile suti kwenye harusi mbili, moja ikiwa ya Munene. Alipofariki kweli nilikwenda kumzika. Mama Wawira alikuwa amejenga kando ya kijito nyumba yenye mawe upande wa mbele, na mabinti wake walikuwa watu wazima.

Miezi michache baadaye Munene alipanda ngazi za ofisi. Alikuwa ameanza kuota mvi, na shamba sasa lilikuwa lake. Nilidhani amekuja kuuliza kama mkataba umekufa na baba yake, na nilikuwa tayari kumwambia kwamba hapana, unaendelea hadi miaka iishe. Akasema anajua hilo. Alikuwa amehesabu: miaka ikiisha, Mama Wawira atakuwa na karibu miaka themanini, na hataki kumwona akikosa usingizi kwa sababu ya kalenda. Alitaka miaka iondolewe.

Wakili akamweleza kwamba mkataba wa kukodisha usio na mwisho si wa kukodisha tena. Akamuuliza Munene mkewe anasemaje. Munene akasema ndiye aliyemtuma, na kwamba wako tayari kwenda mbele ya bodi ya ardhi pamoja.

"Basi unachotaka kinaitwa zawadi," Wakili akasema.

Munene akafikiri kidogo, akatazama nje mahali watu walipokuwa wakipanga foleni ya mbolea. "Andika hiyo," akasema.

Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika jina lake, nikaandika jina la Mama Wawira, na katikati nikaandika "gives". Nikauchapisha ukurasa, nikazunguka meza, nikamsomea.